Siku moja Bangkok pamoja na mama mzazi: je, tuchukue mwongozaji wa binafsi kwa ajili ya mahekalu, chakula na masoko?

Mama Vikwembe, Kampemba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu. Mwezi wa Novemba nitakwenda Bangkok kununua nguo za jumla kule Pratunam, kama wengi wetu wa biashara hiyo tunavyozoea, lakini safari hii nitafuatana na mama yangu mzazi. Ana umri wa miaka 68, ndiye aliyebaki na watoto wangu miaka yote niliyokuwa nikisafiri, na yeye mwenyewe hajavuka mpaka isipokuwa kufika Ndola kwa ndugu zetu wa Zambia. Kazi ya soko ikiisha tutabakiwa na siku moja nzima kabla ya ndege ya kurudi kupitia Addis Ababa. Siku hiyo nataka iwe yake: aone mahekalu, ale chakula cha wenyeji, atembee sokoni bila mimi kumkimbiza kwa sababu ya mizigo.

Nimeona wakala wengi wanaotoa mwongozaji wa binafsi pamoja na gari. Mmoja anaahidi soko la mitumbwi, soko la reli, Jumba la Kifalme, mahekalu matatu na chakula cha jioni, yote kwa siku moja. Naomba wanaoifahamu Bangkok wanisaidie: mwongozaji ana faida gani ya kweli kwa mtu kama mimi ambaye tayari anajua kupanda teksi na kupatana bei? Na siku moja inaweza kubeba mambo gani kwa mama mwenye magoti yanayouma na presha ya damu? Mama ni mwanakwaya wa parokia kwa miaka mingi, naye ananiuliza kama inamfaa Mkristo kuingia katika nyumba ya ibada ya Wabudha. Sikuwa na jibu la kumpa.

Msafiri wa Katuba

Mama, karibu. Ushauri wangu wa kwanza ni kuikataa programu hiyo ya kila kitu kwa siku moja, hata kama bei yake ni nzuri. Soko la mitumbwi la Damnoen Saduak liko mkoa wa Ratchaburi, karibu kilomita 100 kusini-magharibi mwa Bangkok, na soko la reli la Maeklong liko upande huohuo, katika mkoa wa Samut Songkhram. Ni mahali pazuri, sipingi. Pale Maeklong wauzaji hupanga mboga na samaki hadi kwenye reli zenyewe, na treni inapokaribia hukunja mahema yao na kuvuta bidhaa nyuma, kisha ikishapita hurudisha kila kitu mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini ili uyaone vizuri ni lazima utoke hotelini kabla ya mapambazuko, na unaporudi mjini saa za mchana umechoka, msongamano wa magari umekuchelewesha, na ndipo unaambiwa kwamba sasa ni zamu ya mahekalu, kwenye jua kali. Kwa kijana ni taabu, na kwa mama wa miaka 68 ni adhabu.

Baki mtoni. Historia yenyewe ya mji inakusaidia kufanya hivyo. Mji mkuu wa zamani, Ayutthaya, uliteketezwa na jeshi la Burma mwaka 1767. Mfalme Taksin akaanzisha makao mapya Thonburi, ukingo wa magharibi wa mto Chao Phraya, na mwaka 1782 mfalme Rama wa Kwanza akavuka na kujenga ng'ambo ya pili, mashariki. Kwa sababu hiyo mambo makubwa ambayo mgeni hutamani kuyaona yamekusanyika kwenye pande mbili za mto mmoja: Jumba la Kifalme na hekalu la Wat Phra Kaew ndani yake, Wat Pho jirani yake, na Wat Arun ng'ambo. Kati ya Wat Pho na Wat Arun mnavuka kwa kivuko kidogo kutoka gati ya Tha Tien, kwa nauli ndogo sana, na upepo wa mto utampumzisha mama kuliko kiti cha gari.

Mimi ningeanza asubuhi na mapema katika soko la maua la Pak Khlong Talat, lililo karibu na daraja la Memorial, ambalo hufanya kazi usiku na mchana. Huko mama atawaona wanawake wameketi wakitunga yasmini kwa sindano ndefu na kutengeneza mashada ambayo jioni utayakuta yametundikwa kwenye vioo vya teksi, kwenye pua za mitumbwi na mbele ya sanamu za Budha. Magunia ya maua ya rangi ya machungwa yanateremshwa kwenye malori kama sisi tunavyoteremsha makaa. Hapo ndipo mwongozaji anapoanza kulipa gharama yake, kwa sababu ataeleza nini kinatolewa wapi, na kwa nini petali za yungiyungi zinakunjwa moja moja kabla ya kupelekwa hekaluni, na mama akifika hekaluni atayatambua maua aliyoyaona sokoni.

Baada ya hapo Wat Pho, ambalo hufunguliwa saa mbili asubuhi. Budha aliyelala ana urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, amefunikwa kwa dhahabu, na nyayo zake zimepambwa kwa alama 108 za lulumizi. Kando ya ukuta kuna vyungu 108 vya shaba nyeusi ambamo watu hudondosha sarafu kimoja baada ya kingine, na mlio wake unasikika jengo zima. Watu wengi hupiga picha ya kichwa na kuondoka. Nendeni mpaka miguuni, kwa sababu kazi ya ufundi iko huko. Hekalu hilohilo ndilo kitovu cha ukandaji wa jadi wa Kithai, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019, na watu hukandwa palepale ndani ya uwanja. Mwambieni mkandaji mapema habari za magoti na presha.

Wat Arun mwende alasiri. Mnara wake umefunikwa kwa vipande vya sahani na bakuli za kauri za Kichina, na jambo hilo halionekani vizuri kutoka mbali, bali ukisimama chini yake kabisa. Ngazi zake ni za mwinuko mkali. Mama asipande, uzuri wote anaweza kuuona akiwa chini.

Jumba la Kifalme ningeliacha. Kiingilio cha mgeni ni baht 500, msongamano ni mkubwa, kivuli ni kidogo na mwendo ni mrefu.

Yaya wa Kamalondo

Nakubaliana na Msafiri wa Katuba kuhusu mto, lakini kuhusu Jumba la Kifalme namwomba anisamehe, kwa maana sikubaliani naye hata kidogo. Mama amelea wajukuu ili binti yake afanye biashara, anavuka bahari kwa mara ya kwanza, halafu tumwambie kwamba amefika Bangkok na hakumwona Budha wa Zumaridi, sanamu ya hekalu la Wat Phra Kaew, kwa sababu kulikuwa na jua? Sanamu yenyewe ni ndogo, kama sentimita 66 tu, na imechongwa katika jiwe moja la kijani. Inakaa juu sana, na mfalme mwenyewe huibadilishia mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka kufuatana na majira. Dawa ya jua ni kufika pale geti linapofunguliwa, saa mbili na nusu asubuhi, kuingia moja kwa moja hekaluni na kuacha sehemu nyingine za jumba. Mwongozaji wa binafsi anaweza kufanya hivyo kwa sababu hasubiri kundi. Wat Pho iko jirani, mtaikuta bado ina nafasi. Novemba nayo ni mwezi mwema, kwa kuwa mvua zinaisha, ingawa mtu wa Lubumbashi aliyezoea baridi ya mwezi wa sita ataliona joto la huko kuwa zito.

Kuhusu mavazi, mama asihangaike: kikwembe chake kinachofika miguuni kinatosha kabisa, na blauzi iwe na mikono. Mtandio uliotupwa juu ya mabega wazi haukubaliwi kwenye Jumba la Kifalme, hata kama unafunika. Avae viatu vya kuvua kwa urahisi, kwa sababu atavivua mara nyingi, na kizingiti cha mlango kinarukwa, hakikanyagwi. Akiketi sakafuni, miguu aielekeze nyuma, isielekee sanamu. Kama magoti hayamruhusu kukunja, asimame pembeni kwa heshima, hakuna atakayemlaumu. Mtawa haguswi na mwanamke, wala mwanamke hampi kitu mkono kwa mkono. Ndani ya hekalu la Budha wa Zumaridi picha hazipigwi.

Sasa swali la imani, ambalo naona ndilo lililo moyoni mwake. Mwambie kwamba mwezi wa Novemba mwaka 2019 Papa Fransisko alipozuru Thailand aliingia hekalu la Wat Ratchabophit, katika mji huohuo wa Bangkok, akavua viatu kama wenyeji wanavyofanya, akaketi na kuzungumza na Patriarki Mkuu wa Wabudha. Kuingia kwa heshima si kuabudu. Hakuna mtu atakayemlazimisha kuwasha ubani au kupiga magoti.

Tena kuna jambo ambalo wakala wengi hawaliweki kwenye programu. Ukiwa Wat Arun, kidogo tu kwa mashua upande huohuo wa mto, kuna mtaa wa Kudi Chin, ambako mfalme Taksin aliwapa Wareno ardhi baada ya kumsaidia katika vita. Kanisa Katoliki la Santa Cruz lipo hapo hadi leo. Jengo la sasa ni la mwaka 1916. Katika vichochoro vinavyolizunguka familia chache bado zinaoka keki ndogo za unga, sukari na mayai ya bata, urithi wa Wareno hao, zikiwa na zabibu kavu juu. Hakuna pilipili ndani yake. Mama ataweza kusali rozari yake kisha akale keki, na katika mtaa huohuo kuna madhabahu ya Kichina, hekalu la Wabudha na msikiti, watu wakiishi pamoja. Nisingekubali siku hiyo iishe bila kufika huko.

Mwana wa Ruashi

Naomba niongee juu ya chakula, kwa kuwa hapo ndipo watu wetu wengi huteseka, wakiishia kula kuku wa kukaanga wa maduka ya kigeni siku zote za safari.

Bukari, yaani ugali wetu, hutaipata. Lakini kuna wali wa kunata wa watu wa Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambao huliwa kwa mkono: unakata kidogo, unaufinyanga, unachovya. Uagizieni pamoja na samaki wa kuchoma anayepakwa chumvi nyingi juu ya ngozi na kujazwa mchaichai tumboni. Mara nyingi samaki huyo ni tilapia wa Nile, ndugu wa samaki wetu; Akihito wa Japani, alipokuwa bado mwana wa mfalme, alimpelekea mfalme Bhumibol tilapia hao mwaka 1965, wakazalishwa katika mabwawa ya kasri na kusambazwa kwa wakulima, na leo wanaliwa nchi nzima. Chumvi inabaki kwenye ngozi, ambayo mnaibandua na kuitupa, kwa hiyo chakula hicho kinamfaa mama.

Presha ya damu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko pilipili. Pilipili unaiona na kuikataa, lakini karibu kila chakula cha Kithai kinatiwa mchuzi wa samaki waliochachushwa, nao una chumvi nyingi sana, na juu ya meza kuna vikombe vya kuongeza tena. Mwongozaji amwambie mpishi tangu mwanzo, kwa lugha yake, kwamba huyu mama ana presha. Ndiyo faida ninayoiona katika kumlipa mwongozaji: gari utapata popote, ila mtu wa kusimama kati ya mama yako na jiko la barabarani humpati kwa urahisi. Saladi ya papai bichi, kwa mfano, hutwangwa kwenye kinu mbele yako, na muuzaji huuliza unataka pilipili ngapi. Mtu akikusemea vizuri, atatia moja au hatatia kabisa, na mchuzi wa samaki ataupunguza.

Asubuhi mtafutieni uji mzito wa mchele wenye tangawizi. Mchana wali na kuku wa kuchemsha, ambao hauna pilipili isipokuwa katika bakuli la pembeni. Kuna majani ya kukaanga kwa vitunguu saumu ambayo yana undugu na matembele. Supu ya tom yum yenye kamba, mchaichai na ndimu, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi usioshikika mwaka 2024, aionje kijiko kimoja kutoka bakuli lako. Kwa vitamu, embe na wali wa kunata wenye tui la nazi zinajulikana kila mahali, lakini ulizeni pia muhogo uliopikwa kwa sukari na kumiminiwa tui la nazi. Mama zetu wanaujua muhogo tangu utoto, ila hawajauona ukipikwa hivyo. Kama anakula vinkubala, wale viwavi wetu, hatashtuka akiwaona wadudu wa kukaanga sokoni. Panzi na pupa wa hariri huuzwa kwa kipimo.

Kwa Waislamu wanaosoma hapa, nyama ya nguruwe iko katika vyakula vingi, hata katika supu ambazo huioni. Tafuteni alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand, au nendeni mitaa ya kando ya msikiti wa Haroon, karibu na gati ya Oriental, ambako wali wa viungo na mchuzi wa massaman vinapatikana bila wasiwasi.

Jioni, Yaowarat, mtaa wa Wachina. Ila msimpeleke mama usiku sana, kwa kuwa watu husongamana. Kabla majiko hayajawaka, ingieni Wat Traimit iliyo mwanzoni mwa mtaa. Kuna sanamu ya Budha ya dhahabu yenye uzito wa tani 5 na nusu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imefunikwa kwa plasta, bila mtu kujua kilicho ndani, hadi mwaka 1955 ilipokuwa ikihamishwa na plasta ikapasuka.

Mama Vikwembe, Kampemba (Lubumbashi)

Mmenisaidia sana, na nimemsomea mama habari ya Papa kuvua viatu. Ametulia na sasa anauliza habari za hiyo keki ya Wareno. Nina maswali mawili zaidi. Kuna kijana wa kwetu Likasi anayeishi Bangkok, naye amejitolea kututembeza siku nzima kwa malipo ya chini kuliko wakala. Anajua Kifaransa na Kiswahili, jambo ambalo lingemfurahisha mama. Je, si bora kumpa yeye hizo fedha? Na yule wakala anasema katikati ya siku kutakuwa na mapumziko kwenye kituo cha vito, niikubali?

Msafiri wa Katuba

Mama, kijana huyo usimlipe kazi hiyo. Nchini Thailand kuongoza watalii ni kazi iliyotengwa kwa raia wa nchi hiyo pekee, na mwongozaji ni lazima awe na leseni ya serikali, ambayo huivaa shingoni. Mgeni akikamatwa akifanya kazi hiyo, anayeumia zaidi ni yeye, kwa kuwa anaweza kufukuzwa nchini. Mwalike mle pamoja jioni Yaowarat kama ndugu, mama aongee naye Kiswahili anavyotaka, na iishie hapo. Waongozaji Wathai wanaosema Kifaransa wapo, ila ni wachache kuliko wa Kiingereza, kwa hiyo agiza mapema na uombe namba ya leseni kabla ya kutuma fedha.

Kuhusu kituo cha vito, kataa, na kataa kwa maandishi. Mpango wa binafsi haupaswi kuwa na duka ambalo hukuliomba, kwa kuwa mara nyingi duka humlipa aliyekuleta asilimia ya ulichonunua, na saa uliyoilipia wewe inatumika kwa faida ya mwingine. Sisi wa Katanga tunajua jinsi jiwe linavyoweza kumdanganya hata mtu aliyezaliwa mgodini, sembuse kwenye chumba chenye taa zilizopangwa na muuzaji. Vilevile, mkikaribia Jumba la Kifalme, mtu nadhifu na mpole anaweza kuwaambia kwamba leo limefungwa kwa sababu ya sherehe na kuwaonyesha tuktuk ya bei rahisi. Mpiteni bila kusimama mpaka kwenye geti lenyewe. Polisi wa watalii wanapatikana kwa namba 1155.

Na Yaya wa Kamalondo amenishinda kuhusu Jumba la Kifalme. Mkifika geti linapofunguliwa, inawezekana. Basi soko la maua liwe kabla ya hapo, kifungua kinywa hukohuko sokoni, na mchana wote baada ya Wat Pho mama apumzike hotelini hadi saa tisa, ndipo mvuke mto.

Mzee wa Makomeno

Naongeza yale ya karatasi, kwa sababu hakuna aliyeyataja. Visa wewe, mama, unaijua tayari, lakini hakikisha mama mzazi ana cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Kongo imo katika orodha ya nchi ambazo Thailand inazidai cheti hicho. Pale uwanja wa Suvarnabhumi mnapita kwanza kwenye meza ya afya kabla ya kupanga mstari wa uhamiaji. Wasafiri wengi wetu hupanga mstari, wakafika mbele, wakarudishwa nyuma, na mzee aliyesimama muda wote huo huanza safari akiwa hoi. Kwa umri wake, aende kwanza kwa daktari, kwa kuwa chanjo hiyo kwa watu waliopita miaka 60 huhitaji uangalifu zaidi kama hajawahi kuipata. Kama aliipata zamani na cheti kipo, kinatumika maisha yote.

Tangu tarehe 1 Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia ambayo hujazwa kwenye intaneti ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni ya bure; ukurasa wowote unaodai malipo kwa ajili yake si wa serikali. Ujazie na mama fomu yake mwenyewe, na umpe karatasi yenye jina la hoteli yenu iliyoandikwa kwa Kithai, aiweke ndani ya mkoba wake, maana Pak Khlong Talat ina vichochoro vingi na mtu anaweza kupotezana na mwenzake akiangalia maua.